Kiti Nje ni Kambi

Gari-nyumba lilipanda kilima kwa gia ya kwanza, likilia kama watu wanaosukuma kabati ngazini, na Kifungu alilisikia kabla hajaliona. Aliweka kikombe chake dirishani, akafuta mdomo, akafunga vifungo vya kizibao chake cha machungwa kimoja kimoja kuanzia chini, kama bwana harusi asiye na haraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengine huitumia methali hiyo kukaribishana. Kifungu aliitumia kama ratiba ya kazi.

Watu wa mji waliyaita magari hayo konokono, kwa kuwa hubeba nyumba mgongoni na hayajui haraka. Yalianza kuja miaka miwili nyuma, yakiwa na wastaafu ndani, watu wanaozunguka nchi za wenzao na kitanda chao, jiko lao na choo chao. Mchana kutwa huendesha na kupiga picha. Jioni ikikaribia, huwapata swali lisilo na jibu kwenye ramani yoyote: tulale wapi, na je, inaruhusiwa?

Pa kulala palikuwapo. Juu ya kilima kulikuwa na uwanja wa maegesho wa manispaa, mpana, tambarare, wenye bomba la maji, ukuta mfupi wa kukalia, na kibanda cha mlinzi ambacho hakikuwa na mlinzi tangu wa mwisho alipostaafu na manispaa ikasahau kuajiri mwingine. Kuhusu kuruhusiwa, langoni palikuwa na kibao. Kibao hicho kiliandikwa mistari tisa ya sheria, na jua lilikuwa limekula minane. Ulibaki wa juu, wa herufi nyekundu: NI MARUFUKU.

Marufuku nini, kibao hakikusema. Kifungu ndiye aliyesema.

Tusimwonee. Hakuwa mwizi. Mwizi huchukua bila kuomba, naye tangu azaliwe hajawahi kuchukua kitu cha mtu bila kumwandikia risiti. Alikuwa mtumishi wa umma, isipokuwa umma ulikuwa haujamwajiri. Kizibao alishonewa na dada yake, fundi cherehani, aliyeambiwa ni cha maigizo. Kofia aliiokota. Muhuri aliuchonga mwenyewe kwa wembe kwenye soli ya kandambili, akinakili nembo iliyopakwa rangi kwenye pipa la taka la uwanjani: ndege aliyekunjua mabawa, na maneno OFISI YA MANISPAA yakimzunguka. Wino aliutengeneza kwa masizi ya sufuria na mafuta ya taa. Ufundi huo aliuanza kidato cha pili, shule ya bweni, alipokuwa akichonga viazi na kuwagongea wenzake vibali vya kutoka, kwa malipo ya kipande cha nyama ya Jumapili. Jina la Kifungu lilikuja baadaye, watu walipogundua kwamba hawezi kusema sentensi tatu bila kutaja kifungu cha sheria fulani, na kwamba sheria yenyewe haipo.

Kila mtu na udhaifu wake. Kuna wa pombe, kuna wa mapenzi. Wa Kifungu ulikuwa muhuri. Akiona karatasi tupu, mkono humwasha.

Jumatano hiyo, hata hivyo, alikuwa na shida ya kweli, ya aina isiyoondoka kwa kugongwa. Alikuwa akilala chumba cha mbele cha dada yake, kati ya meza ya kukatia vitambaa na lundo la mashati ya sare yasiyotiwa mikono. Asubuhi ile dada alikuwa amesema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano:

“Jumamosi inakuja mashine ya pili.”

“Hongera, dada.”

“Inakaa hapo unapolala.”

“Na mimi je?”

“Wewe una miaka thelathini na minne. Mashine ina miezi miwili. Hiyo ndiyo inayohitaji mtu wa kuiangalia.”

Kifungu aliweza kujiandikia barua ya mwajiri kwa dakika nne. Lakini wenye nyumba wa siku hizi, ukishawapa barua, hutaka na kodi ya miezi sita, na kodi haichongeki kwenye kandambili. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiwaamulia wageni wapi walale alikuwa na siku tatu za kujua atalala wapi yeye.

Konokono alisimama kando ya ukuta, akatoa moshi, akanyamaza. Akashuka mzee mrefu mwenye sweta, akaweka kabari nyuma ya magurudumu, kisha akalala chali na kutazama chini ya gari kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nyuma yake akashuka bibi mnene, mtulivu, akakunjua viti viwili na meza ndogo, akaweka birika. Kifungu alihesabu hadi kumi, kwa sababu serikali haikimbii, kisha akawaendea.

“Shikamoo mama. Shikamoo baba.”

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Ofisa aliyekuja kumbana mtu hapaswi kuanza na shikamoo, maana atakayeitikia anakuwa mzazi wake papo hapo. Lakini dada mtu alikuwa amemlea kwa mwiko wa ugali, na mwiko hausahauliki.

“Marahaba, mwanangu,” alisema Bibi. Walitoka nchi ya jirani. Lugha ilikuwa ileile, ila waliivuta kidogo mwishoni. “Umekula?”

“Niko kazini, mama.”

“Sijakuuliza uko wapi.”

Kifungu alikohoa kiserikali. “Mama, naona mmetoa kiti.”

“Viwili,” alisema mzee kutoka chini ya gari. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu.

“Kwa mujibu wa kanuni za maegesho, kifungu cha saba, gari likisimama na vitu vyake vikawa ndani, hilo limeegeshwa. Kiti kikitoka nje, hiyo ni kambi. Kuegesha hapa ruksa. Kupiga kambi ni marufuku.” Akaonyesha kibao. Kibao kikathibitisha.

Mzee alitoka chini ya gari, mikono myeusi kwa oili, akakitazama kiti kwa heshima mpya. “Kiti kikiwa mlangoni? Miguu miwili ndani, miwili nje?”

“Hapo inategemea ofisa wa zamu.”

“Ofisa wa zamu ni nani?”

“Mimi.”

“Unasemaje?”

“Nasema ni kambi ndogo.”

“Na birika?” aliuliza Bibi.

“Birika halina kosa, mama. Birika ni chombo.”

Bibi alimmiminia chai, akamkalisha kwenye kiti kile kile chenye kesi, akamsikiliza akieleza ada ya kulala na faini ya viti. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: “Risiti ina muhuri?”

Mtu mwingine angeshtuka. Kifungu alichangamka kama aliyeulizwa habari za mtoto wake. Alitoa kitabu, akaandika, akatoa kandambili yake mfukoni ikiwa imefunikwa vizuri kiganjani, akagonga mara tatu: chini, katikati, na pembeni kwa usalama.

Bibi aliishika risiti mbali, kisha karibu. Kisha akainusa.

“Wino mzuri,” alisema.

“Tunautengeneza ofisini, mama.”

“Naona.” Alitazama pipa la taka, akarudi kutazama risiti. “Ndege wenu anaangalia kushoto.”

Kifungu alitazama. Ni kweli. Miaka miwili alikuwa hajaliona hilo. “Anaangalia maendeleo, mama.”

“Yako upande huo?”

“Kwa hapa mjini, ndiyo.”

“Mungu ayajalie,” alisema Bibi, akaikunja risiti mara nne na kuihifadhi kwenye mkoba, kwa uangalifu ambao watu huutumia kwa noti kubwa.

*

Alhamisi asubuhi Kifungu alipanda kilima mapema kwenda kukagua kama viti vimerudishwa ndani. Vilikuwa vimerudishwa. Bibi alimwita aingie, kwa sababu mayai yalikuwa mezani na, alivyosema, mayai hayasubiri sheria.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwa miaka miwili Kifungu alikuwa akiwatoza konokono bila kuingia ndani ya hata mmoja. Sasa alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi, na moyo wake ukafanya kitu ambacho haukuwahi kukifanya kwa mwanamke yeyote. Palikuwa na kitanda kipana chenye blanketi la mistari. Palikuwa na jiko la mafiga mawili, sinki, pazia la maua madogo, taa ya kusomea. Palikuwa na droo ya vijiko ambayo ukiisukuma kidogo, ilijifunga yenyewe, taratibu, bila kelele. Kifungu aliifungua na kuifunga mara nne.

“Unaipenda,” alisema Bibi.

“Nakagua, mama.”

Mzee aliingia akifuta mikono kwa gazeti, akaketi, akamtazama mkewe. Mkewe akalitazama birika.

“Mwanangu,” alisema Bibi, “tulikuwa tunafikiria kupumzika hapa siku mbili tatu. Miguu ya Mzee inavimba. Sheria inasemaje?”

Kama mvuvi aliyeona uzi umetikisika, Kifungu alitafuna yai lake hadi mwisho. Aliiona Jumamosi. Aliiona mashine ya pili ikiingizwa chumba cha mbele. Aliiona droo.

“Sheria hapo ni kali,” alisema kwa huzuni. “Kifungu cha kumi na tisa. Gari la kigeni likilala usiku wa tatu bila kusogea, linakuwa chini ya uangalizi wa manispaa.”

“Kusogea kiasi gani?” aliuliza Mzee.

“Kilometa ishirini.”

“Kwa hiyo kesho kutwa tusogee.”

“Hapana, baba, iwe kabla ya kesho jioni.” Kifungu alishusha sauti, kama mtu anayevunja siri ya serikali kwa ajili ya mapenzi. “Ila Alhamisi na Ijumaa, magari marefu hayaruhusiwi kushuka kilima.”

Mzee aliweka uma mezani. “Hatuwezi kukaa, na hatuwezi kuondoka.”

“Sheria ni ngumu, baba. Na mimi inaniuma.”

Mzee na Bibi walitazamana tena, muda mrefu. Kifungu alikuwa hodari wa kusoma nyuso za wageni, na kwenye nyuso hizo alisoma hofu. Alikuwa hodari, lakini si kwa kila lugha.

“Na likishakuwa chini ya uangalizi,” aliuliza Bibi polepole, “sisi tunapewa karatasi?”

“Karatasi yenye muhuri, mama.”

“Masikini,” alisema Bibi. Hakusema ni nani. Akamwongezea yai.

*

Ijumaa alasiri Kifungu alikuja na uso aliouandaa mbele ya kioo cha dada yake, uso wa msibani. Alikuta mabegi mawili yamefungwa, yamepangwa ukutani. Bibi alikuwa na leso usoni na mabega yakimtikisika. Leso ilikuwa kavu, lakini ofisa muungwana hachunguzi leso ya mama mtu mzima.

“Mama, ingekuwa ni mimi peke yangu...”

“Najua, mwanangu. Kazi ni kazi.” Bibi alipangusa macho, akatoa mkobani karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono mzuri, ulionyooka kama mistari ya shamba. “Nimekuandikia mwenyewe ili nikupunguzie kazi. Mwandiko wako unaegemea.”

Kifungu alisoma. *Mimi*, na hapo paliachwa nafasi ya jina, *nimepokea gari hili kwa hiari yangu, lilivyo na lilipo, liwe langu, pamoja na haki...* Alipofika kwenye haki, macho yake yalisimama kupumzika. Ukweli ni kwamba alikuwa amepanga kuwadanganya kuwa gari linakwenda ofisini. Sasa hawa wazee wa watu, kwa ushamba wao, walikuwa wameandika liwe lake. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuumba wastaafu.

“Jina ni hili la kwenye kitambulisho,” alisema Bibi. “Namba yake hapo. Sahihi hapo. Dole gumba hapo.”

“Kwa nini karatasi tatu, mama?”

“Moja yako, moja yetu, moja ya watu wa mpakani. Tukipita bila gari tuliloingia nalo, watatuuliza. Wale wanapenda karatasi.”

“Wanafanya vizuri,” alisema Kifungu, ambaye naye alizipenda.

Aliandika. Alitia dole. Kisha Bibi akasema, kama mtu aliyekumbuka chumvi: “Na muhuri.”

“Niugonge wapi?”

“Popote roho yako inapopenda, mwanangu.”

Aligonga mara kumi na moja. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utumishi wake.

Akawabebea mabegi hadi kwenye teksi, akawafungulia mlango, akapokea funguo kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Mzee alimpa mkono, akasema jambo moja tu, la mwalimu: “Soma maswali yote kabla hujaanza kujibu.” Kifungu aliitikia ndiyo baba, kwa kuwa wazee lazima waseme kitu wakiagana.

“Viazi viko kabatini,” alisema Bibi dirishani. “Usilale na njaa. Na usitoe kiti nje.”

Wakacheka wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake.

*

Jumamosi mashine ya pili iliingia mlango wa mbele, na Kifungu akatoka kwa huohuo akiwa na mfuko wa nguo begani na hadhi ya mtu anayehamia makazi yake. Jioni dada alipanda kilima kuona. Alikaa kitandani, akapima pazia kwa viganja, akafungua droo ya vijiko na kuiacha ijifunge.

“Ya nani?”

“Yangu. Karatasi hii hapa.”

Dada alikuwa mtu wa kukagua mshono kwa ndani. Aliisoma karatasi hadi mwisho, akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

“Lilivyo na lilipo maana yake nini?”

“Maana yake hivi lilivyo zuri, na hapa palipo na mandhari.”

“Na haya: pamoja na haki na wajibu wake wote?”

“Hiyo ni lugha ya ofisi, dada. Ni kama kusema wasalaam.”

“Umeliwasha?”

“Niliwashe niende wapi?”

Dada alimrudishia karatasi. “Mimi nikiuziwa kitambaa bei rahisi,” alisema, “nakinyoosha kwanza kwenye mwanga.” Kisha akaondoka, kwa sababu alikuwa na mashati arobaini na mashine mbili.

Jumapili Kifungu alitoa kiti nje. Sheria ile ilikuwa ya wageni, na yeye alikuwa mwenye nyumba. Aliketi akiutazama mji wote chini yake, mabati yaking'aa, na akahurumia kila mtu aliyekuwa akilipa kodi.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, alikuwa kwenye kiti hichohicho akinywa chai alipofika mwanamke mfupi mwenye miwani mizito na jalada kwapani. Alikuwa na kizibao pia. Cha kwake kilikuwa na namba ya kazi.

“Habari za asubuhi. Kiti hiki ni chako?”

“Changu, afande. Karibu.”

“Nitasimama.” Alifungua jalada. “Natoka ofisi ya ushuru, na nimekaimishwa pia maegesho ya manispaa, kwa sababu hakuna mwingine. Gari hili liliingia nchini kwa kibali cha muda. Kibali kimeisha juzi Jumamosi. Mpakani nimeletewa karatasi inayosema gari sasa ni lako, pamoja na wajibu wake wote. Wajibu wake ni ushuru wa gari lililoingizwa nchini, au ulitoe nje ya mipaka.”

Alitaja ushuru ni kiasi gani. Kifungu aliomba arudie. Alirudia, na haukuwa umepungua.

“Basi nalitoa nje,” alisema Kifungu haraka. “Leo hii.”

“Kwa giaboksi gani?” Afande alitoa karatasi ya pili. “Mwenye gari wa zamani ni mtu mwaminifu sana, ametuachia maelezo. *Giaboksi ilikufa Jumatano saa kumi alasiri, tukipanda kilima. Fundi kwa simu amesema bei ya mpya inazidi bei ya gari. Kulivuta hadi mpakani kunazidi zote mbili. Kijana mmoja mwema amekubali kulipokea lilivyo na lilipo.*”

Kifungu alitazama chini ya gari. Palikuwa na dimbwi jeusi la oili, limeganda, umbo la nchi isiyojulikana. Alikuwa ameliona kila siku. Alidhani ni kivuli.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliamua kuusaidia ukweli.

“Afande, mimi nadhani karatasi hiyo ni ya kughushi. Angalia muhuri. Ndege wa manispaa anaangalia kulia. Huyu anaangalia kushoto.”

“Nimemwona,” alisema afande. “Na mimi lilinisumbua njia nzima. Nikaona mambo ni mawili. Kama muhuri huu ni halali, makabidhiano ni halali, gari ni lako, ushuru ni wako. Kama ni wa kughushi, gari si lako kabisa, unaondoka hapa mikono mitupu. Ila itabidi nijue ni nani ameuchonga. Na huyo ana mahali pake pa kulala, pa bure, chakula juu ya serikali, miaka saba hivi.” Alitoa kalamu. “Sasa nisaidie. Wewe unamwonaje huyu ndege?”

Upepo ulipita. Mfukoni mwa kizibao, kandambili ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

“Ni halali,” alisema Kifungu.

“Na huko kushoto anaangalia nini?”

“Maendeleo.”

Afande aliliandika hilo neno kwa neno. Akageuza ukurasa.

“Una uwezo wa kulipa?”

“Sina.”

“Nilidhani hivyo. Uwanja huu hauna mlinzi tangu mwaka juzi. Nafasi ipo. Mshahara utapitia kwetu kwanza kulipa ushuru. Nimepiga hesabu, ni miaka minne na miezi miwili, posho ya chakula utaipata. Gari bovu haliwezi kusogea, kwa hiyo tutaliandika makazi ya mtumishi. Kizibao naona unacho.” Alikitazama kwa karibu. “Nani amekushonea?”

“Dada yangu.”

“Ana mkono. Nitamhitaji.” Akaenda kwenye baiskeli yake, akarudi na kibao kipya kilichofungwa kwa karatasi, akampa nyundo. “Anza na hiki. Kisome kwanza, ili uwaeleze wageni vizuri. Nimesikia kuna tapeli anapita huku akiwadanganya.”

Kifungu alikifungua. Mistari tisa, myeusi, mibichi. Alisoma wa kwanza, wa pili, akashuka, akafika wa saba, akasimama. *Viti, meza au turubai vikitolewa nje ya gari, gari hilo litahesabiwa limepiga kambi. Kupiga kambi ni marufuku.*

Aliusoma mara mbili. Miaka miwili yote, alipoamini anawatapeli watu, alikuwa akisimamia sheria ya nchi kwa uaminifu na kwa namba sahihi. Hakuwahi kufedheheka namna hiyo.

“Ambapo nikukumbushe,” alisema afande, akichana risiti kutoka kwenye kitabu chake, “kiti.”

Risiti ilikuwa na muhuri mmoja tu, chini, mahali pake. Ndege alikuwa anaangalia kulia.

Saa kumi alasiri Kifungu alimaliza kupigilia kibao, akarudisha kiti ndani, akafunga mlango. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Akafungua kabati, akatoa mfuko wa viazi, akachagua vinne. Cha tatu kilikuwa kimekatwa nusu, bapa, na upande uliokatwa ulikuwa umefungwa kwa karatasi.

Alikifungua. Kilikuwa kimeanza kusinyaa, lakini kazi ilionekana: ndege mwenye mabawa wazi, kila unyoya mahali pake, na herufi zote kinyumenyume zikimzunguka bila kugongana. Kwenye kiazi, ndege aliangalia kushoto. Kifungu alikigeuza akilini, kama mchongaji anavyofanya, na hapo ndipo alipolielewa kosa lake la miaka miwili.

Kwenye karatasi palikuwa na mwandiko ulionyooka.

*Mwanangu. Ukitaka ndege aangalie kulia, mchonge akiangalia kushoto. Herufi ulikumbuka kuzigeuza, ndege ukamsahau. Wote huwa mnamsahau. Nilikuwa matroni wa bweni la wavulana miaka thelathini na mmoja. Masizi na mafuta ya taa nayajua kwa harufu nikiwa ngazini. Nina sanduku zima la vibali vya viazi nyumbani, na muhuri wako ungekuwa wa pili kwa ubora. Wa kwanza ulikuwa wa huyu Mzee, ndiyo maana nilikubali anioe. Kula ushibe.*

Kifungu alikaa kitandani. Mezani kulikuwa na karatasi tupu, nyeupe, na kidau cha wino kilikuwa karibu. Mkono ulimwasha. Alikishika kiazi, akakinyanyua, akakishikilia juu ya karatasi kwa muda ambao maji hutumia kupata moto.

Nje, chini kilimani, gari fulani lilisikika likipanda kwa gia ndogo, likitafuta pa kulala.

Alikimenya, akakitupia sufuriani pamoja na vingine, akaufunika ushahidi kwa kifuniko. Kisha akavaa kofia na kutoka kwenda kumwambia mgeni habari za viti.